Safu ya 92: Philip Boit, Mkenya aliyekwenda kuteleza kwenye theluji

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu kazi zilinizidi, na zilipopungua nikapanda basi nikaja nyumbani Bangale kupumzisha kichwa. Kwa wasiopajua, ukitoka Mwingi ukielekea Garissa unapita kwenye mji mdogo wa barabarani wenye malori, mbuzi, ngamia na joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuianika. Hapo ndipo kwetu. Theluji hatuna. Barafu tuliyoijua utotoni ni ile ya kuganda kwenye mfuko wa nailoni, ya kunyonya ukitoka madrasa.

Sasa juzi jioni nimekaa nje ya duka, natazama video kwenye simu. Ni mchezo wa kalingi. Mwanamke anapiga goti, anaachia jiwe kubwa lenye mpini liteleze kwenye barafu, na wenzake wawili wanakimbia mbele yake wakisugua sakafu kwa brashi kama wana hasira nayo. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni akasogeza kichwa.

"Kijana, hao wanafagia nini?"

Nikamweleza. Jiwe ni la granaiti, uzito wake haufiki kilo 20, na linasafiri kwenye njia ya barafu yenye urefu wa kama mita 45. Timu ina watu wanne. Kule kusugua kunapasha barafu joto kidogo, jiwe linapata mteremko mwepesi, linaenda mbali zaidi na linapinda kwa uchache kuliko ambavyo lingepinda. Lengo ni kulisimamisha karibu na kitovu cha duara kuliko mpinzani. Mchezo huu ulishindaniwa Chamonix mwaka 1924, ukakaa nje ya orodha ya medali kwa miongo mingi, ukarudi rasmi kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, Februari 1998. Dhahabu ya wanawake ilikwenda Kanada chini ya nahodha Sandra Schmirler wa Saskatchewan, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 1993, 1994 na 1997. Miaka miwili tu baadaye, Machi 2000, saratani ilimuua akiwa na umri wa miaka 36.

Mzee alisikiliza yote, akasikitika kidogo, kisha akauliza swali la maana zaidi: "Na wa kwetu yupo?"

Bingwa wa kalingi wa kwetu sina wa kukuletea, msomaji. Lakini kwenye Nagano hiyo hiyo, wiki hizo hizo, alikuwepo mtu wetu. Jina lake halikuwa juu ya jedwali. Lilikuwa chini kabisa, na hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika, maana mimi kazi yangu ni majedwali.

Philip Kimely Boit alizaliwa Eldoret tarehe 12 Desemba 1971. Ukoo wa Boit si mgeni kwenye riadha. Mike Boit, jamaa yake, ndiye aliyechukua shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, na huenda angeongeza nyingine kama Kenya isingesusia Olimpiki za 1976 na 1980. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Alikuwa mzuri, lakini kule Eldoret kuwa mzuri hakutoshi. Ukitupa jiwe unampata mzuri mwingine. Kupata nafasi kwenye timu ya Kenya ni kazi ngumu kuliko kupata medali yenyewe huko nje.

Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ikaja na wazo. Wakenya wana mapafu, wana miguu, wanakimbia masafa bila kuchoka. Je, mtu wa namna hiyo akivalishwa mbao za kuteleza, si atawatoa jasho Wanorwe? Wakachaguliwa wawili, Boit na mwenzake Henry Bitok, wakapelekwa Finland mwezi Februari. Ndipo walipoiona theluji kwa mara ya kwanza. Boit alikuwa na miaka 24.

Niseme wazi maoni yangu. Lile lilikuwa tangazo la biashara. Sisi watengeneza programu tunalijua jambo hili, ni demo. Unaandaa kitu kizuri cha kuonyesha mteja, kinafanya kazi dakika 10 mbele ya kamera, na hakuna aliyepanga nini kifanyike mwaka unaofuata. Magazeti ya nje yalilipenda sana, Mwafrika kwenye theluji, picha nzuri. Wapo waliolicheka, na wapo waliosema ni mchezo wa kuigiza tu unaomnyima nafasi mwanamichezo wa kweli. Siwezi kuwalaumu wote. Ukiishia Februari 1998, hoja yao ina nguvu.

Kwanza tuelewe ugumu wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunadhani kuteleza ni kuteleza, yaani mteremko unakufanyia kazi. Mchezo wa Boit ni wa nyika: kuna kupanda, kuna tambarare, kuna kushuka. Mkimbiaji mwembamba wa mita 800 nguvu zake ziko kuanzia kiunoni kwenda chini. Hapa mikono, mabega na tumbo vinabeba sehemu kubwa ya mzigo kwa sababu unajisukuma kwa fimbo mbili. Halafu kuna suala la mizani. Lazima usimame juu ya ubao mmoja mwembamba ukiwa katika mwendo, utulie, uuache uteleze, kisha uhamie mwingine. Mtoto wa Finland anajifunza hilo kabla hajajua kusoma. Boit alipewa miaka miwili.

Halafu kuna nta. Katika mtindo wa asili, ule wa kupiga hatua kwenye mifereji miwili iliyochongwa, sehemu ya katikati ya ubao hupakwa nta inayong'ang'ania theluji unapokanyaga na kuiachia unapoteleza. Nta huchaguliwa kulingana na joto na aina ya theluji. Theluji ikiwa kavu na baridi imetulia, kazi ni rahisi. Ikiwa iko kwenye nyuzi sifuri, imelowa, fundi wa nta anaweza kulia. Ukikosea upande mmoja ubao unarudi nyuma ukipanda. Ukikosea upande wa pili theluji inaganda chini ya ubao na unajikuta unatembea na viatu vya matope. Watu wa Tana mnaelewa nikisema viatu vya matope.

Na tarehe 12 Februari 1998, siku ya mbio za kilomita 10 za wanaume mtindo wa asili, mvua ilinyesha.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Mimi ni mtoto wa El Nino. Mama husema nilizaliwa wakati ule wa mafuriko ya mwisho wa 1997, Tana ilipofurika na barabara ya Garissa kukatika, na baada ya maji ikaja homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu upande wa Garissa na kwingineko. Kwa hiyo Februari ile kwetu watu walikuwa wanahesabu mbuzi waliobaki. Mnara wa simu Bangale haukuwepo. Sidhani kama kuna mtu hapa aliyejua kwamba Mkenya amesimama Japani kwenye mvua na mbao miguuni. Mimi mwenyewe nimejua nikiwa chuo kikuu, na kwa bahati, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nitakieleza baadaye.

Bitok hakushindana Nagano. Boit alikuwa Mkenya pekee, na wa kwanza kabisa katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zile huanza mmoja mmoja kwa kupishana sekunde 30, hivyo anayevuka mstari kwanza si lazima awe mshindi. Kinachohesabika ni muda wa kumaliza toa muda wa kuanza. Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Ilikuwa dhahabu yake ya sita, na hakuna mwanamume aliyewahi kufikisha sita katika Olimpiki za baridi kabla yake. Nyuma yake walikuwa Markus Gandler wa Austria na Mika Myllylä wa Finland.

Boit alikuwa bado porini.

Wakati mwingi wa mbio zile alikuwa peke yake. Alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25.5, nafasi ya 92, mtu wa mwisho kati ya waliomaliza. Tofauti na mshindi ni dakika 20 na sekunde moja. Na kwenye mstari alimkuta Dæhlie anamsubiri. Waandalizi walitaka kuanza sherehe ya washindi, bingwa akawaweka wasubiri mpaka Mkenya afike, akamkumbatia. Picha ile ilizunguka dunia. Boit naye alipopata mtoto wa kiume baada ya hapo alimpa jina Dæhlie. Kwa Wakalenjin jina hubeba mazingira ya kuzaliwa, Kiprop ni wa wakati wa mvua, kwa hiyo mtoto kuitwa Dæhlie hakuniudhi hata kidogo. Wakati ulikuwa huo.

Sasa nirudi kwenye kile kitu nilichokuwa nakitafuta chuo. Nagano 1998 ni maarufu pia kwa watu wa fani yangu, na si kwa sababu ya theluji. Miaka miwili kabla, Atlanta 1996, mfumo wa matokeo uliotengenezwa na IBM uliwaaibisha mbele ya dunia. Vyombo vya habari vilipelekewa matokeo yaliyochelewa na mengine ya makosa. Nagano ilikuwa nafasi ya kusafisha jina. Tovuti rasmi ilipokea maombi milioni 634.7 katika siku 16, na katika dakika moja iliyokuwa na msongamano kuliko zote ilipokea maombi 110,414. Kwa seva za miaka ile huo ni mzigo wa punda kupewa lori.

Walifanyaje? Kurasa za matokeo hazikutengenezwa upya kila mtu alipozifungua. Ziliwekwa tayari kwenye kumbukumbu ya karibu. Matokeo mapya yalipoingia kwenye hifadhidata, programu ilifuata mchoro wa utegemezi: data hii inagusa ukurasa upi, ukurasa ule unagusa upi mwingine, kisha ikasasisha zile zilizoguswa tu na kuacha nyingine zilivyo. Leo wengi tunaliona hilo kama jambo la kawaida. Nilikuwa nasoma habari za mfumo huo kwa ajili ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho, nikataka mfano wa jedwali la matokeo kutoka Nagano, nikafungua mbio za kilomita 10, nikateremka mpaka chini. Safu ya 92. KEN.

Nilishtuka zaidi kwa sababu ya mradi wenyewe. Nilikuwa nimeandika programu ya kupanga matokeo ya mbio za shule, na kwa kuwa ukurasa ulikuwa mdogo niliweka kikomo: onyesha 10 wa kwanza, basi. Nilipoijaribu kwenye mashindano fulani, mwalimu mmoja wa michezo aliangalia kioo akaniuliza, "Wengine wako wapi?" Nikamjibu kwa ujuaji wa kijana kwamba wengine wamo kwenye hifadhidata. Akasema watoto wake hawawezi kuisoma hifadhidata. Alikuwa na haki. Kikomo nilikitoa usiku huo huo.

Haya, tuendelee na Boit, maana watu wengi wanaosimulia habari zake huishia kwenye lile kumbatio. Mimi naona kazi yake hasa inaanzia pale.

Udhamini haukudumu. Demo ilikuwa imekwisha, picha zimepatikana. Mtu wa kawaida angerudi Eldoret, akae na hadithi yake nzuri ya kuwasimulia wajukuu. Boit aliendelea. Kenya hakuna theluji ya kufanyia mazoezi, basi akafanya mazoezi kwenye lami kwa mbao fupi zenye magurudumu. Hebu mfikirie dereva wa matatu anayekutana na mtu mwenye fimbo mbili anateleza barabarani Eldoret! (Kwa bahati mbaya vifaa hivyo hivyo ndivyo vilivyomkatisha Dæhlie. Alianguka akifanya mazoezi ya magurudumu mwaka 1999, mgongo haukupona, akatangaza kustaafu 2001 akiwa na dhahabu nane.)

Mwaka 2002 Boit alikuwa Salt Lake City, Marekani. Mwaka 2006 alikuwa Torino, Italia, na miaka 34 mgongoni. Mara zote hizo timu nzima ya Kenya ilikuwa yeye. Bendera alibeba yeye, kijiji cha wanamichezo alikaa yeye. Torino alimkuta jirani: Robel Teklemariam, Mwethiopia wa kwanza katika Olimpiki ya baridi, naye ni mtelezaji wa nyika. Fikiria Kenya na Ethiopia, mahasimu wa mita 10,000, wanakutana huko chini kwenye jedwali la theluji.

Baada ya Torino mlango ulizidi kuwa mwembamba, na hapa hesabu inasaidia kueleza. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, hutoa pointi ambazo kadiri zinavyokuwa chache ndivyo ulivyo bora. Kwa mbio za kuanza mmoja mmoja, fomula ya miaka ya karibuni ni hii: gawanya muda wako kwa muda wa mshindi, toa 1, zidisha kwa 800. Kisha huongezwa nyongeza kulingana na ubora wa washindani. Olimpiki zenyewe huchukuliwa kama kipimo cha juu, nyongeza yake ni sifuri. Nimeipitisha mbio ya Nagano kwenye fomula hiyo. Boit: sekunde 2,845.5. Dæhlie: sekunde 1,644.5. Jibu ni 584 na ushei.

Kwa Olimpiki ya 2018, mtelezaji wa masafa marefu kutoka nchi ndogo kwenye mchezo huu alitakiwa awe na wastani usiozidi pointi 300. Geuza fomula: siku ile ya Nagano, pointi 300 zingetaka Boit amalize kwa dakika 37 na sekunde 41. Alihitaji kupunguza karibu dakika 10 katika kilomita 10, dakika nzima kwa kila kilomita. Tena wastani huo unatokana na mbio kadhaa zinazotambuliwa, siyo mbio moja ya bahati, na mbio hizo ziko Ulaya na kwingine kwenye theluji. Kila moja ni tiketi ya ndege, viza, hoteli na nta. Mnorwe anaendesha gari kwenda kwenye mbio zake.

Sisemi kanuni hiyo ni mbaya. Mashindano lazima yawe na kiwango, na mimi pia nisingependa kuona mtu anaumia kwenye mteremko kwa sababu ya tangazo. Ninachosema ni kwamba fomula inapima muda na inapima pia mkoba, lakini mkoba hauna safu yake kwenye jedwali.

Vancouver 2010 Boit hakuwepo. Pamoja na hayo, Machi 2011 mashindano ya dunia yalipofanyika Holmenkollen, Oslo, nyumbani kwa mchezo wenyewe na nyumbani kwa Dæhlie, Boit alikuwepo kwenye mbio. Alikuwa na miaka 39. Hesabu mwenyewe: kutoka Februari 1996 hadi 2011 ni miaka 15. Hakuna kampuni inayotengeneza tangazo la miaka 15. Hapo ndipo mimi nilipobadilisha mawazo kuhusu huyu bwana. Wazo lilikuwa la wenye viatu. Lakini kile kilichobaki baada ya wao kuondoka kilikuwa chake.

Jedwali halikufungwa na yeye, pia. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005 pale hoteli ya Panari, na vijana wakaanza kucheza magongo ya barafuni. Mwaka 2018 Kenya ilirudi Olimpiki ya baridi huko PyeongChang, Korea Kusini, kupitia Sabrina Simader, Mkenya wa kwanza mwanamke katika michezo hiyo. Yeye ni wa miteremko, siyo nyika, na alikulia Austria baada ya kupelekwa huko akiwa mtoto mdogo. Alizaliwa Kilifi mwaka 1998, miezi michache tu baada ya Nagano. Kilifi, wadau! Hapo chini tu, jirani na Tana River yetu.

Yote haya nilimsimulia yule mzee kwa ufupi, bila fomula. Alitulia sana kwenye sehemu ya mvua. Akaniuliza kama yule Mnorwe alikuwa hamjui kijana wetu, nikasema sidhani kama walikuwa marafiki kabla ya siku hiyo.

"Na alimngoja?"

"Alimngoja, mzee."

"Kwenye mvua?"

"Kwenye mvua."

Akanyoosha mkono, anataka kuiona picha. Chaji ilikuwa imebaki asilimia nne na mtandao wa hapa mnaujua. Nikainua simu juu kidogo kuelekea upande wa mnara, tukaanza kuingoja ifunguke.